Barua ya wazi: Msituingizie pangoni watu 40 kwa mkupuo

Kwa wote mliopewa dhamana ya mapango na miamba ya chokaa ya pwani yetu, kutoka Kilifi na Kwale hadi Tanga na Unguja: mlioko wizarani, kwenye kaunti na halmashauri, na kwenye kamati za vijiji.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaotembeza makundi kwenye miamba hii: wanafunzi wanaokuja na mabasi, wageni wa kutoka nje, jamaa wa mjini wanaokuja siku ya sikukuu. Tuna ombi moja, na mengine yote yaliyomo humu yanatokana na hilo. Badilisheni mpango wa ziara. Kwa kawaida tiketi huuzwa kwa ajili ya shimo. Basi linasimama, watu wanateremka, wanaingizwa wote ndani, wanaoneshwa jiwe linalofanana na tembo na jingine linalofanana na kochi, wanapiga picha, wanatoka, basi linaondoka. Tunaomba kundi lisizidi watu 12 kwa mwongozaji mmoja, na sehemu kubwa ya mazungumzo ifanyike juu ya ardhi kabla ya kuingia pangoni, kwa kufuata njia ya maji tangu yanapodondoka kama mvua hadi yanapotokea kwenye chemchemi.

Idadi ya 12 tumeipata mahali panapobana. Karibu kila pango lina sehemu ambapo mtu lazima ainame au apite ubavu. Mtu mmoja mwenye begi huchukua kama sekunde 20 kupita hapo. Watu 40 ni zaidi ya dakika 13. Watu 12 ni dakika 4. Katika hizo dakika 13, waliokwisha kupita wanasimama gizani bila mtu wa kuwaangalia. Wanaegemea ukuta, wanapapasa jiwe bichi, na mara nyingi kuna mmoja atakayevunja kijiti cha jiwe akakitia mfukoni. Mwongozaji hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila kundi linahitaji pia msindikizaji wa kufunga nyuma, na kazi yake ya kwanza ni kuhesabu: mlangoni, baada ya pale panapobana, na wakati wa kutoka. Ahesabu kwa sauti, si kwa macho tu.

Tunajua hofu iliyopo: mapato yatapungua. Hayatapungua. Chukueni basi la wanafunzi 60. Hayo ni makundi matano. Kundi la kwanza linapewa maelezo ya dakika 20 nje, kisha linaingia. Linalofuata linaingia baada ya dakika 25, na hivyo hivyo. Kama mzunguko wa ndani ni dakika 45, hakutakuwa na zaidi ya makundi mawili ndani kwa wakati wowote, na kundi la mwisho litatoka saa mbili na dakika 45 tangu ziara ilipoanza. Hakuna tiketi hata moja iliyopotea. Pale ambapo mlango wa kuingilia ndio wa kutokea, chagueni ukumbi mmoja mpana uwe ndio mahali pekee pa kupishana. Anayetoka asubiri hapo mpaka anayeingia afike. Wakikutana penye kubana ni msukumano, na watakaoteleza ni watoto.

Makosa makubwa hufanyika kwenye muda wa kusubiri. Makundi manne yakiachwa yakae kivulini bila kazi, ndipo majina yanapochongwa kwenye miti na mawe. Lakini nje ya pango ndiko kwenye somo lenyewe. Tunashauri vituo vya mazungumzo, kila kimoja cha dakika 20 hivi, na kundi lizunguke.

Kituo cha kwanza kiwe jiwe. Mwongozaji aokote kipande kilichoanguka chenyewe, akikwaruze kwa kisu hadi apate unga kidogo, kisha adondoshee maji ya ndimu. Unga unatoa povu la vitobo vidogo vidogo, na ukisogeza sikio unasikia ukichachatika. Mtoto akishaona hivyo, hahitaji tena kukaririshwa jinsi pango linavyotokea. Mvua huchukua kaboni dioksaidi hewani, na huchukua nyingi zaidi inapopita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, ikawa asidi hafifu, hafifu kuliko hiyo ndimu. Inaingia kwenye nyufa, inakula jiwe kidogo kidogo, na ikipewa muda mrefu wa kutosha ufa unakuwa ukumbi. Jaribio hili lifanywe getini tu, kwa kipande kilichookotwa. Atakayedondosha ndimu kwenye ukuta wa pango aondolewe kazini.

Hapo hapo mwongozaji aseme ni jiwe gani. Pwani yetu ina aina mbili ambazo huchanganywa kila siku. Miamba ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, na ile ya vilima vya Kilifi, ni chokaa ya zama za Jura, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 145. Mapango ya Shimoni na maweni ya Unguja yamo kwenye matumbawe ya kale, machanga mno ukilinganisha na hayo; ukikaribia unaona vyumba vya matumbawe na makombe waziwazi. Tena hili la pili ndilo jiwe lililojenga Mji Mkongwe na Kilwa Kisiwani, na ndilo lililochomwa kwenye matanuri kupata chokaa ya kuta zile. Mgeni aliyetoka kutazama magofu asubuhi na pango jioni hajabadilisha somo, ila hakuna aliyemwambia.

Kituo kinachofuata kiwe mahali ambapo mizizi ya mkuyu inazama kwenye ufa. Hapa tunataka tuzungumze na ninyi zaidi kuliko na wageni, kwa sababu hapa ndipo maamuzi yenu yanapoingia pangoni. Kwenye mchanga, maji hupita polepole na kuchujwa. Kwenye chokaa yanateremka nyufani kama kwenye bomba, na kinachomwagwa juu leo kinaweza kufika chini kikiwa na uchafu wake wote. Sasa fikirini choo cha shimo kilichochimbwa mita chache kutoka mdomo wa pango kwa ajili ya wageni. Fundi hufurahi kwa sababu shimo halijai. Halijai kwa sababu linavuja. Kinyesi kinashuka kwenye matone yale yale ambayo wageni wanasimama kuyatazama, na kinatokea kwenye chemchemi au kisima ambacho kijiji kinateka maji. Huku Unguja kuna watu waliochota maji mapangoni kwa vizazi.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga vibanda vya kuuzia vinyago, jengeni choo chenye tangi lisilovuja, la zege lililopigwa plasta ndani au la plastiki, la kunyonywa na gari la majitaka. Lijazeni maji siku mbili na kuweka alama ya kina kabla ya kuanza kulitumia. Kina kikishuka, linavuja. Kiwekwe upande wa chini wa mteremko, mbali na mdomo wa pango na mbali na kila shimo linalomeza maji ya mvua. Maegesho ya mabasi nayo yasiwe juu ya dari ya pango, kwa uzito na kwa mafuta yanayodondoka. Na miti iliyo juu ya pango isikatwe kupanua mandhari, maana ukiondoa udongo wenye mizizi unabadilisha kiasi cha maji yanayoshuka, na ndani matone yanaanza kukauka.

Tukishayasema hayo ndipo tuingie. Ndani tunaomba mwongozaji aache orodha ya tembo na makochi. Si dhambi kuonesha umbo moja kumchekesha mtoto, lakini ziara nzima ya maumbo inamwacha mtu bila kitu. Badala yake amsimamishe mgeni mbele ya tone moja. Achague kijiti chembamba kinachoning'inia darini, kile chenye tundu katikati kama mrija, unene wake kama nusu sentimita. Amulike kwa pembeni. Tone linajaa kwenye ncha, linaning'inia, linatetemeka, halianguki. Wakati huo gesi inatoka ndani ya maji, kama inavyotoka kwenye soda iliyofunguliwa, na maji yaliyopungukiwa gesi hayawezi tena kubeba chokaa yote. Inabaki pete moja ya jiwe kuzunguka ncha, nyembamba kuliko karatasi. Tone linaanguka, jingine linaanza. Ule mrija ni stalaktiti inayoanza. Tone likitua sakafuni na kuacha chokaa iliyobaki, chini inaota stalagmiti. Ukuaji wa kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, pengine chini ya hapo, pengine juu kidogo. Kijiti cha sentimita 10 kinachovunjwa kwa sekunde moja kinaweza kuwa kazi ya miaka 1,000.

Kugusa nako kunaumiza. Mafuta ya vidole yanabaki juu ya jiwe, maji hayashiki tena vizuri, na vumbi linaganda. Nguzo iliyo karibu na njia inageuka nyeusi na kung'aa kama mkono wa kiti. Kusema "usiguse" peke yake hakusaidii, kwani mkono wa mtu unataka kugusa. Wekeni getini kipande kikubwa cha stalaktiti kilichovunjika zamani, kiwe ndicho jiwe la kushikwa. Kila mtu akishike, akipime uzito, aone pete zake pale kilipokatika. Waliokwisha kushika hutulia zaidi ndani.

Taa. Simu si tochi ya pangoni. Inashika mkono ambao ungeshika kamba, inamulika macho ya mwenzako, inazimika betri katikati. Kila mgeni apewe tochi ya kichwani juu ya kofia ngumu, na mwongozaji awe na vyanzo vitatu vya mwanga vinavyojitegemea. Kodi ndogo kwenye tiketi italipia. Tunawasihi msikimbilie kufunga taa za kudumu. Zikiwaka mchana kutwa, utando wa kijani unaota kwenye jiwe lililo karibu nazo, mahali ambapo mmea haukuwahi kuishi, na kuuondoa kwa dawa kunaua wadudu wa pangoni. Kama ni lazima ziwepo, ziwe na swichi ya kila ukumbi na zizimwe kundi likipita. Pango la Lascaux kule Ufaransa, lenye michoro ya kale, liligunduliwa mwaka 1940, likafungwa kwa wageni mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watu na mwanga vilianza kuharibu kuta. Lilimalizwa na watu waliokuja kulipenda.

Kuna kitu kimoja cha giza tunachotaka kibaki: dakika ya kuzima taa zote. Ifanyike kwenye ukumbi mpana, watu wote wakiwa wameketi chini, watoto wameambiwa mapema, wamehesabiwa kabla na baada. Anayeogopa akae na msindikizaji mwenye taa mkononi. Kwa wageni wengi ndiyo mara ya kwanza kujua giza ni nini.

Kuhusu popo tuseme bila kuzunguka. Makelele na mwanga wa moja kwa moja huwarusha, na katika msimu wa kuzaa mama akiruka ghafla kitoto kinaweza kuanguka, na kikianguka ni kifo. Ukumbi wa popo wanaonyonyesha ufungwe kwa msimu huo, na bei isibadilike; mgeni akielezwa sababu anaelewa. Upande wa watu, samadi kavu ya popo ikitimuliwa inaweza kubeba vijidudu vya fangasi vinavyoleta ugonjwa wa mapafu, histoplasmosisi. Popo wanaweza pia kubeba kichaa cha mbwa, kwa hiyo aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna kukimbia, hakuna kulala chini kupiga picha kwenye vumbi, hakuna kula ndani. Barakoa nzuri zinazobana uso ziwepo getini, si zile za kitambaa. Mwenye pumu aulizwe kabla, faraghani. Wakati wa kutoka, maji na sabuni. Halafu mwongozaji aseme pia kuwa maua ya mbuyu hufunguka usiku na popo ni miongoni mwa wanaoyachavusha, ili mtu asitoke akiwachukia.

Mvua ndiyo inayoweza kuua. Penye mto unaopita kwenye mapango au kando yake, kama Mkulumuzi kule Amboni, anga la hapa ulipo halikwambii kitu. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani tangu usiku huku getini jua linawaka. Kuanzia Machi hadi Mei wakati wa masika, na tena wakati wa vuli, mtu wa zamu awe na namba ya simu ya mtu wa juu ya mto na ampigie kila asubuhi. Simikeni nguzo yenye alama za sentimita mahali panapoonekana, na andikeni kwenye daftari kimo cha maji asubuhi na mchana. Baada ya misimu michache mtajua wenyewe alama ya kufungia. Dalili za ndani mwongozaji azijue kama jina lake: maji yaliyokuwa meupe yanageuka tope, majani na vijiti vinaanza kuelea, sauti ya mto inabadilika. Akiona mojawapo, anatoa watu. Haombi ruhusa, na hakatwi posho kwa kurudisha kundi. Hilo la posho liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu mwongozaji anayelipwa kwa kichwa ataingia siku ambayo hakupaswa kuingia.

Viatu ni neno fupi: kandambili zisipite getini. Chokaa iliyokanyagwa na wengi inakuwa laini kama sabuni ikilowa, na matumbawe yanakata kama wembe. Jeraha la matumbawe lioshwe kwa maji safi mengi, chembe zitolewe, na mtu aulizwe lini alichanjwa pepopunda.

Sasa maneno yanayosemwa. Kuna hadithi kwamba pango la Amboni linatokea Mombasa, na nyingine kwamba linafika hadi Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka 1994 ulionesha mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Hatutaki hadithi zifutwe. Ni mali yetu. Tunataka mwongozaji afunzwe kutenganisha "wazee husimulia" na "wataalamu walipima", na aseme yote mawili. Vivyo hivyo Mangapwani, Unguja: chumba cha watumwa kilichochongwa kwenye jiwe, kilichotumika kwa magendo baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873, si lile pango la asili lenye maji lililo jirani yake. Wageni hupelekwa sehemu zote mbili kwa siku moja na kuondoka wakidhani ni kitu kimoja. Na kwenye maeneo ya aina hiyo, Shimoni ikiwamo, tunaomba mpige marufuku kabisa kuwafunga watoto minyororo ya kuigiza ili wapigwe picha.

Sakafu kavu ya pango nayo isiguswe. Panga ya Saidi, Kilifi, palipatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 na watafiti wakamwita Mtoto. Alikuwa kama mita tatu chini ya sakafu ya leo. Alilazwa kwa ubavu, amekunjwa, na inaonekana kichwa chake kiliwekewa kitu kama mto. Kila mnaposawazisha sakafu kwa jembe ili mmwage zege la njia, huenda mnapitia juu ya watu. Njia iwe ya mbao iliyoinuliwa, au kamba tu na mkeka mgumu, na asiwepo wa kuchimba shimo la nguzo bila mtaalamu wa mambo ya kale kusimama hapo.

Mapango mengi ni mizimu, na watu bado wanakwenda kuomba. Ubani, vitambaa, sarafu na chupa za marashi zilizowekwa hapo si takataka na si vitu vya kupigia picha. Kaeni na wazee, mpange saa au siku ambazo wageni hawaingii upande ule, na ratiba hiyo ibandikwe getini. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Kwale, wageni huvaa kitambaa cheusi kabla ya kuingia msituni, na hawalalamiki. Wanajua wameingia kwa watu.

Maandishi ya mkaa na rangi kutani yasisafishwe kwa siki wala dawa ya choo, kwa sababu asidi inakula jiwe pamoja na rangi. Brashi laini na maji, polepole, baada ya kupiga picha kila kilichopo. Baadhi ya hayo majina ni ya zamani na yana thamani yake. Na mabango yenu yaandikwe Kiswahili kwanza. Tumechoka kuwatafsiria watoto wa hapa bango la pango lao.

Kuna la machimbo. Chokaa ni saruji, na saruji ni ajira, hatupingi. Lakini mpaka wa hifadhi unaochorwa kwa kufuata uzio wa juu haujui pango linapita wapi chini. Pimeni mapango kwanza, mchore mpaka kutokana na ramani ya chini ya ardhi, na ratiba ya baruti ifike getini siku moja kabla. Mtetemo unaangusha mirija, na siku moja utaangusha jiwe juu ya kundi.

Tunachohitaji kutoka kwenu kabla ya masika ijayo ni barua ya kuruhusu makundi ya watu 12, kofia na tochi za kutosha makundi mawili kila pango, nguzo ya kupimia mto, na uamuzi kuhusu vyoo. Ratiba za kuingiza makundi na maelezo ya vituo vya nje tutaziandaa wenyewe, tuzilete mezani kwenu mzikague. Tukianza na pango moja tu, tunaomba liwe lile lenye mto.

Wenu,
Waongozaji wa makundi, mapango ya pwani